Jibu: Saa ya usimamizi inaishia kwenye makaratasi

Habari ndugu. Nimekupata: uko kwenye mafunzo ya tiba ya kisaikolojia, na saa yako ya kila wiki na msimamizi inaisha mkisaini fomu na kupitia wateja wote kumi juu juu, na yule anayekukwamisha hamumfikii.

Anza na mkataba wako wa mafunzo. Angalia umeahidiwa saa ngapi, na ngapi kati yake ni zenu wawili peke yenu. Programu za mafunzo kazini (internship) zilizoidhinishwa na APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, hudai angalau saa 4 kwa wiki, 2 zikiwa za mtu mmoja mmoja. Kwingine viwango hutofautiana, kwa hiyo shika ulichosaini wewe.

Halafu badilisha unachoingia nacho. Siku moja kabla, mtumie msimamizi nusu ukurasa: mteja mmoja, swali moja. "Nifanye nini na mteja huyu?" ni swali pana mno. Andika hivi: "Kila nikigusa msiba wa mama yake anahamia habari za kazi, nami namfuata. Nimrudishe vipi?" Ambatanisha dakika 5 za rekodi, pale palipokwama, mradi mteja ameridhia kwa maandishi. Ukisimulia kwa kumbukumbu tu, kosa lako mwenyewe ndilo hupotea kwanza, maana hukuliona.

Fomu zipelekwe dakika 10 za mwisho. Ila mteja akitaja kujiua au kumdhuru mtu, usingoje kikao: mpigie msimamizi siku hiyo hiyo, kabla mteja hajaondoka, kisha andika kwenye faili mlichokubaliana na saa mliyoongea.