Kaunti Imetupandishia Ada ya Soko Bila Kutuita: Je, Mahakama Yaweza Kuizuia?

Swali: Wakili, salamu. Sisi ni wauza mboga na matunda hapa Mombasa. Juzi tumeletewa barua kwamba ada ya sokoni itapanda maradufu kuanzia mwezi ujao. Hatukuitwa kikao chochote. Tumesikia Mahakama Kuu hapa iliwahi kubatilisha maagizo ya serikali kuu kuhusu bandari. Je, nasi twaweza kushtaki, hata kama hatuna pesa za wakili? Na jaji aweza kweli kuiambia kaunti isitoze?

Jibu: Dada, mnaweza kushtaki, na jaji anayo mamlaka hayo. Ila kuna jambo moja linaloangusha kesi nyingi za aina hii: mahakama haipimi kama ada ni kubwa au ndogo. Kupanga ada ni kazi ya waliochaguliwa. Jaji huangalia kama aliyeipanga alikuwa na uwezo huo kisheria, na kama alifuata njia iliyowekwa. Mkilia tu kwamba ada itawamaliza, mtasikilizwa kwa huruma kisha mshindwe. Mkionyesha kwamba haikutungiwa sheria, au sheria ilitungwa bila wananchi kushirikishwa, hapo mna kesi.

Hiyo kesi ya bandari inaonyesha hivyo hasa. Mwaka 2019 yalitoka maagizo ya kutaka shehena zinazokwenda Nairobi na bara zisafirishwe kwa SGR, reli mpya ya kisasa. Tarehe 6 Novemba 2020 majaji watano wa Mahakama Kuu ya Mombasa waliamua kwamba yalikiuka Katiba. Hawakuamua kati ya reli na malori kipi bora. Waliloshika ni kwamba watu ambao riziki yao ingeguswa hawakuhusishwa kabla ya uamuzi. Wala hawakuyafuta papo hapo. Waliipa serikali siku 180 irekebishe kasoro. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifanya vivyo hivyo mwaka 2006: ilibatilisha sheria za afya kwa kukosa ushirikishaji wa umma, lakini ikasitisha ubatilisho huo kwa miezi 18. Kwa hiyo msidhani kushinda ni lazima kumaanishe ada inakoma kesho yake.

Sasa shikeni barua yenu muisome neno kwa neno. Inataja sheria gani? Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa, lakini Kifungu cha 210 kinakataza kodi au ada ya leseni kuwekwa au kubadilishwa bila sheria. Ikiwa barua haitaji sheria yoyote, hoja yenu ya kwanza ni hiyo, tena ndiyo nyepesi kuithibitisha. Ikiwa inataja Sheria ya Fedha ya kaunti, hoja inahamia Kifungu cha 196, kinacholitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake.

Tafuteni karatasi nne: nakala ya sheria hiyo, tangazo la kuwaita wananchi watoe maoni, orodha ya waliohudhuria, na ripoti ya kamati ya bunge la kaunti. Ziombeni kwa barua mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 kujibu. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Msingoje siku hizo ziishe ikiwa tarehe ya kutoza imekaribia. Ambatanisheni barua hiyo kwenye kesi, maana kukaa kimya kwa afisa nako ni ushahidi. Na msijiaminishe kwamba kwa kuwa nyinyi hamkuitwa basi hakuna aliyeitwa. Katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT mwaka 2019, Mahakama ya Juu ilisema ushirikishaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu, lakini si lazima kila mtu asikilizwe ana kwa ana. Kaunti ikileta tangazo la gazeti na orodha ya kikao kilichofanyika, mtahitaji kueleza kwa nini hakikutosha: muda ulikuwa mfupi, kilifanyika mbali, au rasimu haikuonyeshwa.

Mahali pa kushtaki ni Mahakama Kuu, kwa petisheni ya kikatiba. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi au kwa maslahi ya umma, na kinakataza kutoza ada ya kufungua kesi ya haki za msingi. Tumieni majina ya watu wawili watatu, pamoja na kumbukumbu za kikao kilichowateua na sahihi za wenzao. Kanuni za 2013 za kuendesha kesi za haki za msingi, ambazo mawakili huziita Kanuni za Mutunga, zinakubali hata barua ya kawaida. Hata hivyo nawasihi muandike petisheni kamili: nyinyi ni nani, kilichotokea na tarehe zake, kifungu kilichovunjwa, kilivyovunjwa, madhara mliyopata, na amri mnazotaka. Tangu uamuzi katika kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, petisheni inayorundika vifungu bila kusema kila kimoja kimevunjwaje hutupwa nje.

Ambatanisheni hati ya kiapo, yaani maelezo yenu ya maandishi yaliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Picha za simu na ujumbe wa WhatsApp zinahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na namna zilivyochapishwa. Ni ukurasa mmoja tu, na watu huusahau kila siku.

Pamoja na petisheni wekeni ombi la amri ya muda, ya kusimamisha ada hadi kesi iamuliwe, chini ya cheti cha dharura, yaani hati inayoeleza kwa nini ombi lisikilizwe haraka. Hapa ndipo penye uzito wote, kwa sababu hukumu yenyewe huweza kuchukua miezi mingi. Jaji atatazama mambo matatu: kama kesi ina msingi wa awali, kama mtapata hasara itakayofanya ushindi wa baadaye usiwe na maana, na maslahi ya umma yanaelemea wapi. Hili la pili linawashinda wengi, kwani pesa huweza kurudishwa. Leteni hesabu: ada ya sasa, ada mpya, faida ya siku ya mfanyabiashara mmoja, na idadi ya watakaolazimika kufunga meza. Kaunti nayo itasema bajeti yake itavurugika, na jaji hulizingatia hilo kwa dhati.

Kabla ya kufungua kesi, pelekeni malalamiko kwa afisa husika na kwa bunge la kaunti. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inataka njia za ndani zitumike kwanza, isipokuwa muombe kuruhusiwa kuziruka na mahakama ikubali.

Gharama: katika kesi ya kweli ya maslahi ya umma, mara nyingi kila upande hubeba zake, lakini jaji ana hiari. Kesi inayonuka ugomvi wa kibiashara wa mtu mmoja haipati huruma hiyo.

Mkipata amri, ichukueni kwa msajili ikiwa na mhuri, mumkabidhi afisa anayekusanya ada mkononi mwake, ikiwa na onyo la adhabu kwa atakayeikaidi. Aliyekabidhi aape hati ya kiapo ya makabidhiano. Bila hiyo, ombi la kuwaadhibu kwa kudharau mahakama haliendi popote. Hukumu ikitoka, kaunti ina siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa; na hata isipokata rufaa, inaweza kurudi bungeni na kuitunga sheria ile ile upya, safari hii kwa kufuata utaratibu. Siku ya kikao hicho, fikeni mkiwa na maoni yenu yameandikwa.