Maswali ya Wasomaji: Ndege Imetua, Mji Bado Uko Mbali

SWALI: Ndege yangu ya kimataifa inafika saa 18:40. Mji ninaokwenda uko kilomita 210 kutoka uwanjani, sina gari wala mtu wa kunipokea. Basi la mwisho linaondoka 20:30 katika kituo kikuu cha mjini. Nikate tiketi yake kabisa?

JIBU: Usikate. Saa moja na dakika 50 ni nyingi kwa macho tu. Hiyo 18:40 ni muda wa ndege kusimama kwenye maegesho yake, si wa wewe kutoka nje. Ukikaa viti vya nyuma, kushuka ni dakika 15. Uhamiaji weka 40, maana ndege kubwa mbili zikitua pamoja foleni haisogei. Mkanda wa mizigo 25. Forodha, na kuuliza usafiri wa kwenda mjini unapandiwa wapi, 10. Sasa ni 20:10 na bado unakanyaga sakafu ya uwanja. Safari ya mjini ikichukua dakika 35, basi utakuta limeondoka robo saa iliyopita. Na hapo ndege haikuchelewa hata kidogo.

Hesabu ianze na basi la mwisho, kisha urudi nyuma hadi kwenye ndege: dakika 90 za kutoka uwanjani ukiwa na begi la kupakia, muda wa kufika kituoni, halafu saa nzima ya ziada kwa ajili ya ndege kuchelewa. Kwa safari yako, ndege ingefaa ifike kabla ya 17:25. Kama hakuna ya muda huo, uliza kama lipo basi linaloanzia au kupitia uwanjani. Hata likizunguka kwa saa nzima zaidi, ni bora kuliko kubadilisha magari mara mbili usiku na mizigo. La sivyo, lala. Ila ulale karibu na kituo ambako basi la asubuhi linaanzia. Anayelala karibu na uwanja hukutana na foleni ya magari ya watu waendao kazini.

Lingine ni tiketi zenyewe. Ukinunua ya ndege kivyake na ya basi kivyake, kampuni hizo mbili hazijuani, na ndege ikichelewa hasara ya basi ni yako. Kwa hiyo chagua tiketi ya basi inayobadilishika. Viwanja vingine, kama Frankfurt na Charles de Gaulle cha Paris, vina stesheni ya treni za masafa marefu palepale, na baadhi ya mashirika ya ndege huuza treni ndani ya tiketi moja, yenye namba ya safari kama ndege. Hapo ukikosa treni kwa sababu ndege ilichelewa, wao ndio wanaokutafutia nyingine. Angalizo: wakati wa kurudi usiiruke hiyo treni ukapanda ndege moja kwa moja. Mfumo huhesabu kwamba hukutokea, na viti vyako vya safari zinazofuata kwenye tiketi hiyo vinaweza kufutwa.

SWALI: Uwanja una jina la mji ninaoufahamu. Si utakuwa karibu na huo mji?

JIBU: Si lazima. Frankfurt-Hahn uko takriban kilomita 120 kutoka Frankfurt. Narita uko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, ilhali Haneda uko jirani. Soma herufi tatu zinazoutambulisha uwanja kwenye tiketi, usiamini jina.

SWALI: Tiketi ya basi imeandikwa “Jumanne 00:15”. Niende kituoni Jumanne usiku?

JIBU: Ukienda Jumanne usiku utakuwa umechelewa karibu siku nzima. Ni saa sita na robo, usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Kosa hili huwapata hata wasafiri wazoefu, hasa ndege inapofika 22:30 na mtu akachagua tarehe ileile ya kufika. Huyo amenunua basi lililoondoka kabla hajatua. Na ukiulizia ratiba kwa simu ukaambiwa “saa mbili na nusu usiku”, andika 20:30 papo hapo, kisha umsomee aliyekujibu.

SWALI: Begi halikutokea mkandani na basi linaondoka baada ya dakika 50. Nisubiri?

JIBU: Usisubiri begi, ila usitoke ukumbini kabla ya kuripoti. Nenda dawati la mizigo iliyopotea na kile kipande cha lebo ulichopewa ulipopakia. Eleza rangi, ukubwa na alama ya begi, na anwani utoe ya mji uendako, pamoja na simu itakayopatikana huko. Hakikisha unaondoka na namba ya kumbukumbu: herufi tano na tarakimu tano. Kwa safari zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, yaani makubaliano ya nchi mbalimbali kuhusu usafiri wa ndege wa kimataifa, malalamiko ya maandishi kuhusu begi lililochelewa hupelekwa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea; likija limevunjika, siku 7. Dawa, chaji na nguo ya kubadilisha zikae begani tangu mwanzo, na zisiingie kwenye buti la basi pia.