Pasi ya treni si siti: tunawajibu wasafiri wa Mtwara na Lindi

Tumepokea maswali mengi kuhusu pasi za treni za ng'ambo, yaani malipo ya mara moja yanayokuruhusu kupanda treni nyingi. Tusichanganye: hapa "pasi" ni hiyo ya treni. Ile ya uhamiaji tutaiita pasipoti.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 62, mke wangu 58. Watoto wametuchangia twende Ulaya wiki nne: Paris, Zürich, Milano, Roma, Vienna, Praha, Berlin, Amsterdam, kisha Paris tena kupanda ndege. Tununue pasi ya mwezi mzima? (Mstaafu, Masasi)

Hapana, mwalimu. Pasi ya mfululizo inamfaa mtu anayelala mji huu na kuamkia mwingine karibu kila siku. Ninyi mna safari nane tu. Siku zinazobaki mtakuwa mnazunguka mijini kwa miguu, na pasi ya mfululizo itazihesabu siku hizo kama mmezitumia.

Kwa wenye makazi nje ya Ulaya, pasi inaitwa Eurail, na ile ya Global inakubalika nchi 33. Pasi za siku za kuchagua zipo za siku 4, 5 na 7 ndani ya mwezi mmoja, na za siku 10 na 15 ndani ya miezi miwili. Kwa kuwa mna safari nane, jicho litakimbilia ile ya siku 10. Msiikimbilie. Chukueni ya siku 7, halafu Vienna–Praha mkate tiketi ya kawaida. Ni mwendo wa kama saa nne, kampuni zaidi ya moja zinagombania abiria njia hiyo, na ukikata mapema bei huwa ya chini. Wewe umevuka 60, kwa hiyo una punguzo la wazee la asilimia 10. Mama atalipa bei ya mtu mzima.

Sasa tuje kwenye maumivu. Pasi inalipia nauli, lakini siti ni habari nyingine. Treni nyingi za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania, pamoja na treni zote za kulala, hazikupokei kwa pasi peke yake. Lazima uwe umeshikilia nafasi, na nafasi ina malipo yake. Katika safari zenu saba za pasi, tano ni za aina hiyo: Paris–Zürich, Zürich–Milano, Milano–Roma, ile ya usiku Roma–Vienna, na Amsterdam–Paris. Praha–Berlin na Berlin–Amsterdam mnaweza kupanda tu na kukaa penye kiti kitupu, ingawa Julai na Agosti tungelipia kiti hata huko kuliko kusimama saa sita.

Milano–Roma kwa Frecciarossa, treni ya kasi ya Italia, nafasi ni kama yuro 10 hadi 13 kwa mtu. Mkipanda Intercity ya kawaida ni kama yuro 3, ila mwendo unafika kama mara mbili. Amsterdam–Paris ni Eurostar, na hapo ndipo wengi hukwama: nafasi za wenye pasi zimetengwa chache, zinaisha huku treni yenyewe bado ina viti vya kuuza kwa bei kamili. Kwa hiyo fuateni mpangilio huu. Kwanza angalieni kama Eurostar na treni ya usiku zina nafasi za wenye pasi tarehe mnazotaka. Zikiwapo, nunueni pasi, na siku hiyohiyo shikilieni nafasi hizo mbili. Nyingine zinaweza kusubiri kidogo. Mkianza na pasi na kuacha nafasi "tutaona huko huko", mnaweza kujikuta na pasi nzuri na hamna treni ya kurudi kwenye ndege.

Pasi ambayo haijaanza kutumika kwa kawaida hurejeshwa fedha kwa makato, ila zile za ofa mara nyingi hazirejeshwi. Malipo ya nafasi yahesabuni yameondoka.

Pasi inakaa kwenye simu. Nikikosa bando je? Na siku moja ya safari inaanza saa ngapi? (Kijana wa Newala)

Siku ya safari inaanza saa sita usiku na kuisha saa sita usiku inayofuata, kwa saa za huko. Ndani yake panda treni hata kumi, ni siku moja tu.

Treni ya usiku ina kanuni yake: inahesabiwa siku iliyoondoka. Ukipanda Roma Jumatatu jioni ukashuka Vienna Jumanne asubuhi, umetumia Jumatatu. Lakini ukishuka Vienna na kuunganisha kwa pasi treni nyingine kwenda Salzburg, Jumanne nayo imekatwa. Kama mna siku chache, laleni Vienna. Au huo mguu wa mwisho mkate tiketi yake.

Halafu kuna mtego wa saa zetu. Tiketi ikiandikwa 08:10, ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Ikiandikwa 20:10, ni saa mbili na dakika kumi usiku. Sisi tuliozoea kusema "saa mbili" na kuacha kichwa kiamue, ndio tunaofika stesheni treni ikiwa imeondoka nusu siku iliyopita. Andika kwenye karatasi saa yetu pembeni ya saa yao kabla hujaondoka nyumbani.

Kuhusu bando: programu ya pasi hufanya kazi bila mtandao, ila lazima iguse intaneti angalau mara moja kila siku tatu, la sivyo pasi inajifunga mpaka uunganishe. Waifai ya hoteli inatosha. Kinachowaponza wengi si bando. Kuna hatua tatu, na watu hufanya mbili: kuingiza pasi kwenye programu, kuiwasha kwa jina na namba ya pasipoti, kisha kuongeza kila safari kwenye pasi *kabla* treni haijaondoka. Mkaguzi anasoma msimbo wa safari hiyo. Ukimwonyesha pasi iliyowashwa lakini safari haijaongezwa, kwake huna tiketi. Na beba pawabenki. Simu iliyozima ni pasi iliyozima.

Ukishanunua una miezi 11 ya kuiwasha. Kwa hiyo mwenye fedha za korosho za Novemba anaweza kununua pakiwa na punguzo na kusafiri Juni.

Shikamooni. Nina watoto wawili, miaka 5 na 11. Nao wanalipiwa? (Mama, Lindi Mjini)

Marahaba. Watoto wa miaka 4 hadi 11 wanapata pasi ya bure, wawili kwa mtu mzima mmoja, ila lazima ziombwe pamoja na pasi yako, hazijitokezi zenyewe. Penye treni za kulazimisha nafasi, nao utawalipia nafasi. Huyo wa 11 angalia siku yake ya kuzaliwa: umri unaohesabiwa ni wa siku ya kwanza ya kutumia pasi. Safari ya wiki mbili mapema inaweza kukuokolea pasi nzima.

Mwanangu anasoma Ujerumani. Nikienda, anaweza kutumia pasi yangu siku nisizosafiri? (Mzazi, Mtwara)

Hawezi. Pasi ina jina na namba ya pasipoti, na mkaguzi anaweza kudai pasipoti yenyewe. Isitoshe, yeye ana makazi Ulaya, kwa hiyo pasi yake ni Interrail, si Eurail. Kinachoangaliwa ni unapoishi, uraia hauhusiki. Treni ni zilezile na mtakaa pamoja, ila yeye ana kizuizi ambacho wewe huna: ndani ya nchi anakoishi, Interrail inampa siku mbili tu za safari, ya kutoka na ya kurudi. Kama mnataka kuzunguka Ujerumani yenyewe, yeye atumie tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket, yuro 63 tangu Januari 2026. Hiyo ni ya treni za mikoa na usafiri wa mijini, kwa ICE, yaani treni za kasi za Ujerumani, haifai. Asipande ICE na wewe akidhani mmeshalipa wote. Akiwa hajafikisha miaka 28, atapata bei ya vijana kwenye Interrail.

Japani siku saba: Tokyo, Kyoto, Hiroshima, kurudi Tokyo. Wote wananiambia ninunue JR Pass. (Mfanyabiashara, Mtwara)

Wanaokuambia walikwenda kabla ya Oktoba 2023. Wakati huo pasi ya siku 7 ilikuwa yeni 29,650. Mwezi huo ikapanda hadi 50,000. Piga hesabu kwa Nozomi, treni ya kasi kuliko zote njia hiyo: Tokyo–Kyoto yeni kama 14,000, Kyoto–Hiroshima kama 11,000 na ushei, Hiroshima–Tokyo karibu 20,000. Jumla ni kama 45,000. Kwa tiketi za kawaida unapanda Nozomi bila masharti, ilhali mwenye pasi Nozomi anaiongezea malipo. Kwa safari yako, achana na pasi. Ukiongeza mji mmoja wa mbali, piga hesabu upya.

Na kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara na utarudi na mzigo: begi ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160, kwenye njia hiyo linatakiwa kuwa na kiti cha nyuma ya behewa kilichoshikiliwa pamoja na nafasi ya begi. Kushikilia ni bure. Kutoshikilia ni faini ya yeni 1,000. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime ukiwa nyumbani.

Pasi ya Ulaya inafika mpaka London na Istanbul. Viza moja inatosha? (Msomaji, Mikindani)

Haitoshi, na hapa ndipo pasi inapodanganya macho. Ramani ya pasi na ramani ya viza ni vitu viwili. Pasi inakubalika Uingereza, Ireland na Uturuki, lakini viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, haikufikishi huko. Baya zaidi ni kurudi: kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda London umeshaimaliza, na Paris huingii tena. Omba ya kuingia mara nyingi, au panga nchi hizo ziwe mwisho wa safari. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo Zürich haina shida. Na usiwashe pasi kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti.

Hapa kwetu kuna pasi kama hizo? (Msomaji, Nachingwea)

Hakuna. Nachingwea mlikuwa na reli yenyewe, ile ya mradi wa karanga iliyotoka bandarini Mtwara. Ikafungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Leo msafiri wa kusini anaanzia Dar kwa kila treni, na kila safari ina tiketi yake. SGR ya Dodoma ilianza Julai 2024 kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, na tiketi inakatwa kwa kitambulisho. TAZARA ni shirika jingine, tiketi nyingine na stesheni nyingine: SGR iko katikati ya jiji, TAZARA iko makutano ya barabara za Nyerere na Mandela. Ukitaka kuunganisha hizo mbili, lala Dar usiku mmoja katikati, maana basi letu kutoka kusini likichelewa hakuna treni inayokusubiri.