Nimeacha sigara, sasa sukari inayumba

Swali: Daktari, nina miaka 52, nina kisukari aina ya 2. Natumia metformini na insulini ya usiku. Leo ni siku ya tisa sijavuta. Natoka jasho, natetemeka, njaa haiishi. Juzi sukari ilishuka hadi 3.6, jana ikafika 12. Nilipokuwa navuta haikuyumba hivi. Nirudie hata mbili kwa siku?

Jibu: Usirudie hata moja, ndugu yangu. Hizo mbili kwa siku nazijua, huwa hazikai mbili.

Arosto ya nikotini na sukari kushuka vinafanana mno: jasho, kutetemeka, njaa, hasira za ghafla. Ukijisikia hivyo, toboa kidole kabla hujaweka chochote mdomoni. Ikisoma chini ya 4, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa 4 au zaidi, yaelekea hiyo ni arosto. Kunywa maji matupu, tembea kidogo, baada ya dakika chache itapoa. Nahisi ile 12 ya jana ilitokana na kula ukidhani sukari imeshuka.

Ile 3.6 ndiyo inayonishughulisha zaidi. Nikotini huufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini, na hubana mishipa midogo ya damu, hivyo insulini uliyojichoma huchelewa kufyonzwa. Ukiacha kuvuta, kizuizi hicho hulegea, na dozi ileile ya zamani inaweza kukuzidi. Usiipunguze kwa kubahatisha. Andika vipimo vyako pamoja na saa, uwasiliane na kliniki yako kesho, usingoje tarehe ya miadi. Mpaka hapo, pima kila usiku kabla ya kulala, na kabla ya kuendesha gari.

Uzito utaongezeka, sikufichi: kwa wastani kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza. Hata hivyo, faida ya moyo na mishipa ya miguu ni kubwa kuliko hasara ya kilo hizo.

Plasta au chingamu ya nikotini unaweza kutumia. Zinaweza kupandisha sukari kidogo, lakini si sawa na moshi. Ukiandikiwa bupropioni, kidonge cha kusaidia kuacha sigara, mkumbushe daktari kwamba unatumia insulini, maana mchanganyiko huo huongeza hatari ya degedege.

Arosto huwa kali zaidi wiki ya kwanza, na wengi hupata nafuu kufikia wiki ya nne. Wewe ile ya kwanza umeshaivuka.