Kabla ya kuutetea utu kikaoni, jua gharama ya kosa moja

Kiongozi wa ubunifu, yaani anayesimamia jinsi huduma inavyoundwa ili mtumiaji aiweze, katika kampuni au chama kinachohudumia wakulima wa korosho na ufuta, Mtwara na Lindi, hukaa kikao kimoja na mhasibu, mwanasheria na meneja wa uendeshaji. Wenzake wanaingia na hesabu. Yeye akiingia na neno "mtumiaji" peke yake, watamsikiliza kwa adabu, kisha ajenda itasonga mbele. Anayetaka mkulima akumbukwe pale fedha zinapopangwa lazima kwanza aaminike, na kuaminika kunaanza na karatasi.

Chukua stakabadhi anayopewa mkulima baada ya kupima mzigo wake kwenye chama cha msingi. Ifuate hadi ghala kuu, mnada, benki, mpaka fedha zinapoingia kwenye akaunti. Kila kituo andika mambo matatu: nani anaandika nini, ananakili kutoka wapi, na akikosea nani anagundua. Mara nyingi kosa linazaliwa mezani kwa karani na anayeligundua ni mkulima, baada ya mnada, majirani wakiwa wameshalipwa. Kitambulisho kina majina matatu, akaunti ina mawili. Au tarakimu moja ya akaunti imerukwa kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na mwandiko wa kwenye daftari haukusomeka. Malipo yanarudi.

Sasa lipigie kosa hilo hesabu. Tuseme malipo 1,000 yametumwa na 40 yamerudi, na kila moja humchukua karani dakika 25 kumtafuta mhusika, kupata nakala ya kitambulisho na kuandika fomu upya. Hizo ni dakika 1,000, yaani saa 16 na dakika 40: siku mbili za kazi kwa mnada mmoja. Zidisha kwa minada ya msimu mzima. Upande wa pili wa karatasi hiyohiyo andika anachopoteza mkulima: nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, siku ya shamba, deni la dukani linalosubiri. Usiweke namba za kubuni. Kaa na karani, shika saa, pima makosa 10 halisi.

Mpelekee mhasibu hesabu hiyo siku mbili kabla ya kikao na umwombe aikosoe. Akisema dakika 25 ni nyingi, ni 15, na ana ushahidi, badilisha. Siku ya kikao hesabu itakuwa yenu wawili, na swali gumu likiulizwa atalijibu yeye. Wabunifu wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kumshangaza bosi mbele za watu. Mhasibu aliyeshtukizwa huanza kutafuta kosa kwenye jedwali, na kikao kinaishia hapo.

Dawa ya kwanza iwe ndogo. Kwa mfano: kabla stakabadhi haijachapishwa, karani amsomee mkulima jina lake lote na tarakimu nne za mwisho za akaunti, mkulima athibitishe. Inagharimu sekunde chache kwa kila mtu na haihitaji programu mpya. Ukiomba mfumo mzima ubadilishwe kabla hujaonyesha matokeo ya jambo dogo kama hili, unaomba mkopo bila dhamana.

Wakati nao unahesabiwa. Korosho ikianza kumiminika Oktoba, hakuna wa kukusikiliza ghalani, na ukisogea karibu na mizani unaongeza foleni. Ufuta huuzwa mapema zaidi, katikati ya mwaka, kwa utaratibu unaofanana sana. Jaribu huko kwanza, rekebisha, halafu ingia msimu wa korosho na kitu kilichokwisha kupimwa.

Ukienda kijijini kuwatazama wakulima wakitumia huduma ya kuangalia malipo kwa simu, nenda na meneja. Mpe daftari na sharti moja: saa nzima asifafanue wala asimsaidie mtu. Watu watano hadi wanane wanatosha kufichua vikwazo vikubwa vya menyu moja ya simu. Hawatoshi kukuambia ni asilimia ngapi ya wakulima wanakwama. Ukiyachanganya hayo mawili, mhasibu atakubana, na atakuwa na haki. Usichague ndugu wa wafanyakazi, wala viongozi wa chama tu.

Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha kazi. Swali la "umeipenda?" litakuletea "nzuri, mwanangu", kwa kuwa mgeni hakatishwi tamaa. Sema badala yake, "Mzee, hebu nionyeshe unavyoangalia kama hela imeingia." Halafu nyamaza. Kwenye kitochi, ukurasa mmoja wa menyu ya nyota na reli hubeba herufi 182 tu, na ukikawia unafungwa. Mtu anayesoma kwa kufuatisha kidole anafika mstari wa tatu, menyu inakatika, anaanza upya. Meneja akiliona hilo mara tatu kwa macho yake, huhitaji hotuba. Kamwe usimtake mzee asome kwa sauti mbele ya majirani; asiyejua kusoma utamvunjia heshima, na kesho hakuna atakayekaa nawe.

Utaona pia simu ikipewa mjukuu, pamoja na namba ya siri. Wapime wawili hao pamoja, maana ndivyo huduma inavyotumika. Kisha dai njia ya kuangalia taarifa ya malipo isiyoomba namba ya siri inayotoa fedha. Hapa ndipo utu unapogeuka kuwa kifungu cha kazi ambacho fundi programu anaweza kukijenga.

Mtihani wenyewe huja pale biashara inapotaka jambo linalomuumiza mkulima, kwa mfano kuwapa wakopeshaji orodha ya namba za simu za wakulima. Ukisema "si vizuri" utaonekana mzuiaji. Njoo na mwanasheria mliyeongea naye mapema: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ridhaa iliyofichwa ndani ya fomu ya mauzo ni udhaifu ambao yeye mwenyewe hataupenda. Weka mezani njia mbili mbadala, kila moja na gharama yake na muda wake, mojawapo ikiwa mkulima kuulizwa waziwazi kwa Kiswahili chepesi na kuweza kukataa bila kupoteza huduma. Ugomvi wa rangi ya kitufe na ukubwa wa nembo waachie wengine, ili siku hii uwe bado na akiba ya kusikilizwa.

Tunza daftari la makadirio: tarehe, uamuzi, ulichosema kitatokea, kilichotokea. Minada ya korosho ikiisha, hesabu tena malipo yaliyorudi kwa njia ileile uliyotumia mwanzo, bila kubadilisha kipimo. Kama hayakupungua, liandike hilo mstari wa kwanza wa ripoti, na chini yake sababu unayoishuku na utakavyoipima kwenye ufuta.