Bada ni ya kwetu au imeletwa?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi naishi Mwambani hapa Tanga. Juzi nimesonga bada, ule ugali wa muhogo, mchuzi wa papa wa nazi na mchunga pembeni, mwanangu yuko sekondari akakaa kula akasema mama hiki siyo chakula cha asili, tumefundishwa muhogo umetoka Brazili. Mama mkwe alikuwepo, akakasirika kweli, akasema bada yeye kaikuta kwa bibi yake na bibi yake nae kaikuta. Sasa nani mkweli hapo? Na kama muhogo uliletwa, wazee wa zamani huku pwani walikuwa wanakula nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mkweo mpe shikamoo yangu. Wote wawili wamesema kweli ila kila mmoja kashika upande wake. Muhogo kwao ni Amerika ya Kusini, kusini magharibi ya Amazon huko, na Wareno ndo walioubeba kuja Afrika karne ya 16, ukaanzia upande wa Kongo, huku kwetu mashariki ukaja kuenea baadae. Na huyo kijana umwambie asiishie kwenye muhogo, hata sembe anayokula shuleni kila siku mahindi yake asili ni Meksiko, watu wa kule walianza kuyalima kama miaka 9,000 iliyopita.

Kabla ya hapo huku walikula mtama, uwele, wimbi, kunde na samaki, na mchele na ndizi na nazi ambavyo navyo vilikuja kwa bahari kutoka Asia lakini zamani sana. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipita pwani hii mwaka 1331 akaandika alichokula. Mogadishu walimpa wali wa samli na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, halafu ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yenye ndimu ya achari, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa akasema chakula chao hasa ni ndizi na samaki. Mi kila nikisoma pale kwenye achari ya ndimu naiona sinia ya kwetu kabisa, karibu miaka 700 na bado tunaweka achari pembeni ya wali!

Na siyo mbali na hapo kwako. Aprili 1498 meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mwamba huo wa Mtangata, mbele ya Tongoni, watu wakaenda na mitumbwi, mmoja umejaa machungwa, na hao Wareno wenyewe wakaandika kwamba ni mazuri kuliko ya kwao Ureno. Sasa sisi wa Tanga tunaotembea na machungwa ya Muheza hilo linatugusa. Mwaka uliofuata walipokuwa wanarudi wakaichoma meli hiyo hiyo maeneo hayo hayo maana mabaharia wengi walikuwa wamekufa njiani.

Lakini mkweo nae ana haki yake, kwa sababu muhogo ulikuja ila bada haikuja. Bada imefanywa na mikono ya wanawake wa huku, muhogo unamenywa, unaanikwa unakuwa makopa, unatwangwa kwenye kinu unachekechwa, maji yakichemka ndo unasonga mpaka mwiko unakuwa mzito na ile bada inavutika, rangi yake ya kijivu kijivu, ukimega tonge linateleza na mchuzi lenyewe. Brazili hawana hiyo. Halafu muhogo wenyewe umeokolewa huku huku, ule ugonjwa wa batobato unaokunja majani mara ya kwanza kuandikwa duniani ilikuwa 1894 tena Usambara, na kuanzia miaka ya 1930 pale kituo cha utafiti Amani, juu ya Muheza, wakachanganya muhogo na ule mti wa mpira ambao majani yake tunapika kisamvu cha mpira, wakapata mbegu inayovumilia. Kizazi cha mbegu hizo kikapelekwa Nijeria kikazaa mihogo inayolimwa nchi nyingi za Afrika leo. Mwambie mwanao hilo nalo aliandike kwenye daftari.

SWALI: Shangazi, mi kijana wa Chumbageni najipikia mwenyewe. Nilinunua muhogo kumbe mchungu, nikachemsha nikala, kichwa kiliniuma na kutapika juu. Kosa langu nini?

JIBU: Pole sana mwanangu, na ukijisikia hivyo tena nenda hospitali haraka usisubiri. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi na kuchemsha tu hakuiondoi yote. Unamenya, unaloweka siku 3 mpaka 4 hadi ulainike, unamwaga maji, unaanika juani ukauke kabisa. Wanawake wa Amazon wao wanaukuna halafu wanaushindilia kwenye tipiti, ni kama kifumbu chetu cha kukamulia nazi ila kirefu kama mkono wa shati, wanakitundika na kukivuta kwa chini kinajibana maji ya sumu yanachuruzika. Usifupishe hizo siku hata ukiwa na njaa. Mwaka 1981 kule Nampula, Msumbiji, ulikuwa ukame, muhogo mchungu ndo chakula kilichobaki na watu hawakuwa na nafasi ya kuuanika vya kutosha, zaidi ya watu 1,000 wakapooza miguu, wengi wao watoto na wanawake.

Kisamvu nacho vile vile, usikate kate ukatupia sufuriani, twanga kwanza kilainike sana kwa sababu kutwanga ndo kunakoiachilia ile sumu, chemsha bila mfuniko mvuke utoke, tui zito weka mwisho kabisa.