Kabla Hujamwita Mtundu: Kazi ya Mtoto Tangu Tumboni Hadi Ujana

Mtoto wa miezi 9 aliyekuwa akibebwa na kila mgeni sasa anaangua kilio akipokelewa na shangazi yake. Wa miaka 2 anagaragara sakafuni kwa sababu amevalishwa kiatu alichotaka kuvaa mwenyewe. Wa miaka 13 anajifungia chumbani na kujibu kwa neno moja. Wote watatu huambiwa wamedekezwa, ilhali kila mmoja wao yuko kazini. Kila umri una kazi yake ya kujenga nafsi na kujifunza kuishi na watu, na tabia inayomchosha mlezi aghalabu ndiyo kazi yenyewe.

Erik Erikson, mtaalamu wa saikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, alieleza mwaka 1950 hatua 8 za maisha. Tano za kwanza zinaishia ujanani: kuamini watu (mwaka wa kwanza), kujitegemea (miaka 1 hadi 3), kuthubutu (3 hadi 6), bidii (6 hadi 12) na kujitambua (12 hadi 18). Miaka hiyo ni makadirio tu. Na hatua iliyokwenda vibaya haifungwi milele, ila kuirekebisha baadaye hudai muda na subira zaidi. Erikson alianza kuhesabu mtoto akishazaliwa. Mimi ningeanza mapema zaidi.

Tumboni

Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutunga, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana asidi ya foliki (aina ya vitamini B), maikrogramu 400 kwa siku, huanza kumezwa kabla ya kushika mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Pombe nayo hupita kwenye kondo la nyuma moja kwa moja, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Madhara yake hayaonekani usoni kwa kila mtoto. Mengi hujitokeza miaka kadhaa baadaye darasani: hawezi kutulia, anasahau maelekezo, hajifunzi kutokana na adhabu. Mtoto wa namna hii hupigwa sana, na viboko havitibu ubongo.

Kuanzia wiki ya 25 hivi kijusi huitikia sauti. Jaribio lililochapishwa mwaka 1980 lilionyesha kuwa watoto wa siku zisizozidi 3 walibadili namna ya kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya mwanamke mwingine. Hakuna haja ya kuweka spika tumboni. Mazungumzo ya kila siku yanatosha, na baba akizoea kuongea karibu, sauti yake nayo huwa sehemu ya mazingira ya mtoto tangu mapema.

Wajawazito hutishwa sana kuhusu msongo wa mawazo, na vitisho hivyo ni mzigo mwingine juu ya mizigo. Siku ngumu kazini haimharibu mtoto. Kinachotia wasiwasi ni hali isiyokatika: kupigwa, njaa, hofu ya kila usiku, sonona isiyotibiwa. Anayeishi na mjamzito aulize mambo matatu kila wiki: unalala? unakula? kuna unachokiogopa? Jibu likiwa baya kwa wiki 2 mfululizo, hilo ni jambo la kupelekwa kliniki kama unavyopeleka homa.

Mwaka wa kwanza: je, watu hawa wanaaminika?

Siku chache baada ya kujifungua mama wengi hulia bila sababu. Hali hiyo ikipita ndani ya wiki 2, ni mabadiliko ya homoni. Ikizidi hapo, au mama akisema hamtaki mtoto au anafikiria kujidhuru, atafutiwe msaada siku hiyo hiyo. Hilo linamhusu mtoto pia, kwa sababu uso wa mlezi ndio darasa lake la kwanza. Miaka ya 1970, mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wa miezi michache, kisha wakaze uso bila kuonyesha hisia yoyote kwa dakika chache. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele, mwisho wakageuza uso na kunywea. Lakini utafiti huo una upande wa pili ambao hautajwi vya kutosha: hata mama na mtoto wanaoelewana vizuri hupishana mara nyingi sana kwa siku. Mama anacheka, mtoto kachoka. Mtoto anaita, mama kageuka. Imani hujengwa pale wanapopishana halafu wakarudiana.

Kwa vitendo: mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka titini hadi usoni kwa mama. Mwongeleshe hapo, kisha nyamaza kidogo. Atachezesha mdomo, ataguna. Hiyo ndiyo zamu yake. Akigeuza uso amechoka, mwache apumzike, usimfuate na uso wako. Tabasamu la kumjibu mtu huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8.

Kilio hupanda hadi kilele katika mwezi wa 2 na kupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Kumbeba mtoto mdogo anayelia hakumdekezi. Kagua njaa, nepi, joto, baridi, usingizi. Chini ya miezi 3, joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali, bila kusubiri asubuhi. Umekagua yote bado analia, na unahisi hasira inakupanda? Mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika 5 hadi 10, upumue, urudi. Kamwe usimtikise. Shingo yake ni dhaifu na kichwa ni kizito. Akitikiswa, mishipa midogo ya damu ndani ya fuvu huchanika, na sekunde chache zinatosha kumuua.

Kisha miezi 8 au 9 inafika na mtoto anaanza kuogopa wageni. Hajarudi nyuma, amekua. Sasa anajua upo hata asipokuona, ila hajui utarudi lini. Kosa kubwa hapa ni kunyata na kutoroka akiwa anacheza. Unaepuka kilio cha leo na kumfundisha kuwa unaweza kuyeyuka wakati wowote, kwa hiyo kesho hatakuachia hata uende msalani. Aga. Tumia maneno yale yale kila siku, yasizidi dakika moja, ondoka, usirudi mlangoni kuchungulia. Mlezi mpya naye azoeshwe ukiwepo kwanza, kisha utoke dakika 15, siku nyingine saa 1, halafu nusu siku.

Miaka 1 hadi 3: "Mwenyewe!"

Umri huu ndio unaoleta viboko vingi, na unavistahili kidogo kuliko yote. Mtoto amegundua kuwa ana utashi wake, lakini sehemu ya mbele ya ubongo inayozuia mihemko ni changa mno na maneno yake ni machache. Hasira inamfika kabla ya lugha.

Mihemko mingi ya kugaragara huisha ndani ya dakika 5. Ondoa vitu vya kuumiza, kaa karibu, sema sentensi moja tu: "Umekasirika, ulitaka kuvaa mwenyewe." Maelezo marefu katikati ya dhoruba hayasikiki. Akitulia, mpakate, kisha endeleeni na mlichokuwa mnafanya. Na kama ulikataa jambo, usilikubali dakika ya 4. Ukilegea hapo umemfundisha bei ya kitu hicho ni dakika 4 za kupiga kelele, na kesho ataanza na 6. Afadhali ungekubali tangu mwanzo. Kwa hiyo kataa machache, yale ya moto, maji, barabara na kuumiza wenzake, na mengine mpe achague kati ya vitu viwili: shati hili au lile?

Choo ni uwanja mwingine wa vita usiohitajika. Anza anapoweza kukaa mkavu kwa muda wa karibu saa 2, anajua kusema au kuonyesha, na anaweza kushusha suruali. Wengi hufika hapo kati ya miezi 18 na miaka 3. Kumwaibisha mbele ya watu humfanya azuie haja, kinyesi kigumu humuumiza, naye huzidi kuzuia. Kufunga choo kunakotokana na hofu huweza kudumu miezi.

Kuna mambo ya kutoyasubiri: haonyeshi kitu kwa kidole wala hapungi mkono karibu na miezi 12, hana neno lolote miezi 16, haungi maneno mawili miezi 24, au amepoteza ujuzi aliokuwa nao katika umri wowote. Apimwe masikio kwanza, kisha achunguzwe usonji na mengineyo. "Baba yake naye alichelewa" ni maneno yanayopoteza mwaka mzima.

Miaka 3 hadi 6

Hapa anaigiza, anauliza, anaogopa giza, na karibu na miaka 3 au 4 anaanza kudanganya. Uongo wa kwanza unaonyesha amejua kuwa kilicho kichwani mwake hakimo kichwani mwako. Usimtege kwa kuuliza "Nani kamwaga?" wakati umeona. Sema, "Maziwa yamemwagika, chukua kitambaa."

La kuangalia zaidi ni hatia. Mtoto wa umri huu huamini mawazo yake yana nguvu: alikasirika na bibi, bibi akafa, basi yeye ndiye aliyemuua. Wazazi wanaotengana au walio msibani wamwambie waziwazi, zaidi ya mara moja: "Si kosa lako." Na mtu aliyekufa, sema amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, harudi. Ukisema amelala, mtoto ataogopa kulala. Ukisema amesafiri, atamsubiri.

Miaka 6 hadi 12

Swali lake sasa ni kama kuna jambo analoliweza. Mpe kazi halisi ya nyumbani inayohesabika, na usiirudie baada yake mbele ya macho yake. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa haraka walipokutana na kigumu kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Badala ya "una akili," taja alichofanya: "umejaribu njia tatu." Anayefeli apimwe macho na masikio na kusikilizwa anavyosoma kwa sauti kabla ya kuitwa mvivu. Kumlinganisha na ndugu yake hakujamfundisha mtoto yeyote hesabu za kugawanya.

Ujana

Balehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, 9 na 14 kwa wavulana. Habari za hedhi na ndoto nyevu (kutokwa na shahawa usingizini) zifike kabla ya tukio, maana damu isiyotarajiwa ni hofu, na msichana hataisahau siku hiyo. Zungumza kufikia miaka 8 au 9, kidogo kidogo.

Sehemu ya ubongo inayotafuta msisimko hukimbia mbele ya ile inayozuia, ambayo hukomaa katikati ya miaka ya 20. Wa miaka 16 akiwa ametulia hufikiri karibu kama mtu mzima. Akiwa na wenzake saa 5 usiku, sivyo. Kwa hiyo mipango ifanyike mchana: kubalianeni neno la siri atakalokutumia kwa simu, nawe utamfuata popote bila swali hadi kesho yake. Saa yake ya mwili pia husogea mbele, usingizi huja kwa kuchelewa, ilhali anahitaji saa 8 hadi 10. Simu ilale nje ya chumba, na yako vilevile.

Kujitambua kunahitaji kujaribu. Mwanasaikolojia James Marcia aliandika mwaka 1966 kuhusu kijana anayechukua utambulisho aliopewa bila kuuhoji. Nyumbani huyu huonekana hana tatizo, kwa hiyo hatumwangalii. Maswali huweza kumrudia utu uzimani, akiwa na kazi na familia. Nywele na mavazi ni eneo la majaribio la bei nafuu, mwachie. Shikilia usalama, heshima na masomo. Maongezi mazuri hufanyika bega kwa bega, mkitembea au mkiosha vyombo, dakika 10, kuliko kumkalisha kitako.

Ukimya wa kawaida haumfungi kabisa: bado anacheka na rafiki, bado anakula. Huzuni au hasira ya kila siku kwa wiki 2, kuacha alichopenda, kugawa vitu vyake, au maneno kama "mngekuwa bora bila mimi" ni jambo jingine. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usiahidi kutunza siri, usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vitu vyenye makali, mpelekeni kwa mhudumu wa afya siku hiyo.

Na siku utakayomkaripia kupita kiasi, kwa maana itafika, rudi kabla ya kulala. Taja ulichofanya: "Nilikutukana mbele ya wadogo zako. Nilikosea." Usiongeze "lakini." Anaweza kuguna tu na kugeukia ukutani. Usidai jibu, mwambie usiku mwema, na asubuhi mwamkie kama kawaida.